Barua ya Wazi: Lumbesa Huzaliwa Kwenye Rundo Lisilochambuliwa

Kwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Vipimo. Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya za Siha na Rombo. Na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika katika vijiji vinavyolima viazi.

Yah: Kuchambua na kupima viazi mviringo shambani wakati wa mavuno

Waheshimiwa,

Ninaandika kutoka Soweto, Moshi mjini, ninakoishi na kuuza viazi. Mavuno yakifika siagizi mzigo kwa simu. Napanda mwenyewe, Bomang'ombe, Sanya Juu, hadi Ngarenairobi, na pengine nazunguka upande wa pili wa Mlima Kilimanjaro, Tarakea na Rongai, nikae kwenye turubai na wanawake wenzangu tuchambue. Kwa hiyo haya ninayowaandikia nimeyashika kwa mikono, kule juu kiazi kinakofukuliwa na huku chini kinakomenywa.

Jambo langu ni moja. Mnapambana na lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita mdomo wake, miaka nenda miaka rudi, na katika hilo mimi niko upande wenu. Lakini mnaisubiri kwenye geti la ushuru na barabarani, wakati yenyewe ilishazaliwa shambani, kwenye rundo ambalo hakuna aliyelichambua. Naomba mzani upande mlima ukaikute huko.

Nianze na rundo lenyewe, maana najua wengi wenu hukutana na kiazi kikiwa kimeshashonewa guniani.

Viazi vikifukuliwa huachwa kidogo juu ya tuta vikauke, kisha hubebwa kwa ndoo na kumwagwa kwenye turubai. Udongo wa Ngarenairobi ni mwepesi, wa majivu ya volkano, ukikauka unapanguswa kwa kiganja tu. Asubuhi ya Juni baridi huko inafisha vidole ganzi, lakini kazi hii haifanyiki na glovu, kwa sababu vidole ndivyo vinavyoona. Unakalia gunia tupu, rundo liko mbele yako, ndoo zimekuzunguka. Mkono mmoja unaokota, mwingine unageuza, kidole gumba kinapita juu ya ngozi. Kiazi kizima ni kigumu na kizito kuliko unavyokitazamia. Kilichoanza kuoza kidole kinakijua kabla ya jicho, kwa sababu ngozi inateleza. Kilichovunwa kabla ya wakati ukikisugua ngozi inachunika kama karatasi iliyolowa, na hicho hakitafika wiki mbili. Mkulima angefyeka majani wiki mbili kabla ya kuvuna, ngozi ingekomaa ardhini. Lakini bei ikipanda ghafla, au shule zikikaribia kufunguliwa Julai, nani atasubiri?

Kuna vilivyokatwa na jembe. Kuna vilivyochomoza juu ya tuta vikapigwa na jua vikawa kijani. Kuna vilivyotobolewa na nondo wa viazi. Utaona uchafu mweusi umejikusanya kwenye jicho la kiazi, mlango wa kiwavi alipoingilia. Na kuna vile tunavyoviogopa kuliko vyote, vya mnyauko wa bakteria. Kwa nje kinaweza kuonekana kizuri kabisa. Lakini macho yake yanatoa ute, na udongo unang'ang'ania kwenye macho hayo hata ukikipangusa mara mbili. Ukikikata unakuta duara la kahawia, na ukiminya, ute mweupe unatoka. Mama mmoja wa Lawate aliyenifundisha kazi hii alikuwa anakitenga bila hata kukikata. Alikuwa anatazama udongo tu, wapi umeganda na wapi umeachia.

Basi mkimaliza rundo mnakuwa na mafungu matano au sita. Makubwa yenye macho ya juujuu, ya muuza chipsi. Ya kati, ya nyumbani. Madogo ya ukubwa wa yai la kuku, ambayo wengi huyaweka mbegu. Vikatwa, vya kuliwa jioni hiyohiyo. Vya kijani na vibovu, vya kutupwa. Hii ndiyo kazi yote. Haihitaji mashine wala umeme. Inahitaji kivuli, mikono yenye uzoefu, na mtu wa kuilipia. Na hapo kwenye kuilipia ndipo mambo yote yanapoharibika.

Tazameni biashara inavyofanyika. Mnunuzi anafika na lori, na magunia yake, na vijana wake wa kushona. Bei inapatanwa kwa gunia, kwa macho. Mzani haupo. Gunia la viazi vilivyochambuliwa na gunia la mchanganyiko bei yake ni ile ile. Sasa mkulima mwenye akili timamu atawalipa wanawake wanne wakae kutwa nzima kutenga vibovu, ili apunguze wingi wa mzigo wake na asiongezewe hata shilingi? Hachambui. Makubwa yanapangwa chini na juu, na vikatwa, vya kijani na vidogo vinazama katikati. Mnunuzi naye si mtoto. Anajua katikati kuna nini. Kwa hiyo anajifidia mapema: mdomo wa gunia unaongezewa kipande cha wavu au cha gunia jingine, kinajazwa, kinashonwa kwa kamba, na gunia linaota kichwa. Mkulima anaficha vibovu katikati kwa sababu anajua atajaziwa lumbesa, na mnunuzi anajaza lumbesa kwa sababu anajua katikati kuna vibovu. Kila mmoja anamwona mwenzake mwizi, na kila mmoja ana ushahidi.

Nimesikia viongozi wengi wakimwita mnunuzi mnyonyaji, na wanunuzi wakiwaita wakulima wajanja wajanja. Mimi nimefanya biashara na pande zote mbili, na nawaambia kwa dhati, wengi wao si watu wabaya. Wamewekwa kwenye soko lisilo na macho, na kila mtu analinda tonge lake.

Anayeumia zaidi, hata hivyo, ni mkulima, na hesabu yake haihitaji daftari. Mtu anauza magunia 40. Yanahesabiwa kuwa ya kilo 100, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa kisheria. Lakini yamejazwa hadi kilo 130, na hiyo ni lumbesa ya kiasi tu. Nimeona kubwa zaidi. Zimeondoka kilo 5,200 na zimelipwa kilo 4,000. Kilo 1,200, yaani magunia 12 kamili, zimetoka shambani bure. Ameyalimia, ameyapigia dawa ya ukungu, ameyafukua.

Na halmashauri nanyi mnaibiwa hapo hapo. Kwenye geti anayekusanya ushuru anahesabu vichwa vya magunia. Ameona 40, amekatia 40, wakati lori limebeba mzigo wa magunia 52. Ushuru wa mazao ulipopunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5, na mzigo usiofika tani moja ukaondolewa ushuru, sisi wafanyabiashara wadogo tulishukuru sana. Lakini tani moja inajulikanaje pasipo mzani? Magunia 9 kwa macho ni kilo 900, yanapita bila kudaiwa. Yakiwa ya lumbesa ni kilo 1,170. Sisemi mturudishie mzigo wa zamani. Nasema mkipima kwa kilo, mtapata haki yenu bila kumwongezea mtu yeyote kiwango.

Sheria tunayo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo tangu 1982. Wakala wenyewe umeanzishwa 2002. Maafisa wenu nimewaona sokoni wakikagua mizani, na nimewaona wakiwatoza faini wenye lumbesa. Lakini gunia likishakamatwa barabarani, mkulima ameshalipwa kwa bei ya gunia na amerudi nyumbani. Faini inamuuma mwenye lori, na safari ijayo ataipiga hesabu ndani ya bei atakayompa mkulima. Zile kilo 30 za juu hazirudi Ngarenairobi. Kazi ya kukamata inaendelea na wizi unaendelea, kila kimoja kwa ratiba yake.

Niwaeleze na huku chini, maana hadithi ya lumbesa huishia kwa mkulima, na mlaji anasahaulika.

Gunia lililotoka baridini linafika Moshi kwenye joto, limelaliwa na mengine matano juu yake, na limeangushwa kutoka kwenye lori kwa sababu hakuna binadamu wa kulishusha taratibu. Ukikata kamba, juu kuna viazi vizuri. Unashuka unakuta vilivyopasuka, vikatwa vilivyoanza kutoa maji, na yale maji yameshalowesha wenzake. Kiazi kimoja kibovu ndani ya gunia la kilo 130 lililobanwa hakina haraka. Kinawafikia jirani zake usiku. Nikimwaga gunia sakafuni hapa Soweto nachambua upya, na kile ninachotupa nimekinunua, nimekilipia usafiri na nimekilipia ushuru. Nitakirudisha wapi? Kwenye bei ya sado, kile kindoo cha kupimia. Mama anayenunua sado moja ya viazi vya watoto anakilipia yeye, na hajui.

Muuza chipsi anataka kiazi kikubwa, kikavu, chenye macho ya juujuu, kwa sababu akimenya kiazi kidogo, kinaishia kwenye maganda. Kiazi kichanga kikiingia kwenye karai kinabadilika rangi, kinakuwa cha kahawia kabla ya kuiva ndani. Lakini kinachonisumbua zaidi ni cha kijani. Ile rangi yenyewe haina shida. Shida ni kwamba mwanga ulioleta ukijani umeongeza pia solanini, sumu ya asili ya kiazi, chungu, inayosumbua tumbo, na ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Nimeona vijana wakimenya juujuu, rangi ikabaki chini ya ngozi, na chipsi zikauzwa kwa watoto wa shule. Kijana huyo hana kosa peke yake. Kiazi hicho kilipaswa kuachwa kwenye turubai kule juu, na kisingekaa siku mbili juani kando ya barabara kikisubiri lori kama pangekuwa na kibanda chenye kivuli.

Sasa niseme jambo lililonifanya nikate shauri kuandika. Msimu mmoja tulikuwa shambani kwa mkulima aliyekubali kujaribu. Tulichambua rundo lake lote kwa utaratibu, makubwa kwao, ya kati kwao, vibovu vikafukiwa. Mnunuzi alipofika, sitamtaja na hana haja ya kutajwa, alitazama, akasifu, kisha akawaambia vijana wake wavichanganye vyote tena. Alisema sokoni gunia ni gunia, na akipeleka makubwa peke yake hakuna atakayemlipa zaidi, na hayo ya kati atayapeleka wapi? Vijana wakaingia na makoleo. Mkulima alisimama pale ameshika kofia yake. Wenzangu hawakusema neno, waliendelea kukung'uta khanga zao. Kazi ya kutwa nzima ilirudishwa kwenye rundo kwa muda wa kunywa chai. Na yule mnunuzi kwa hesabu zake alikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba alikuwa sahihi.

Waheshimiwa, mlima huu si mgeni wa madaraja. Kiwanda cha kukoboa kahawa kipo Moshi tangu mwaka 1920. Wakulima wa hapa walianzisha umoja wao mwaka 1925, na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kikazaliwa 1933, na sehemu kubwa ya ugomvi wao na wafanyabiashara wa wakati ule ilikuwa hiyo hiyo: nani anapima, nani anapanga daraja, nani anajua bei. Leo bibi wa Machame ambaye hajawahi kunywa kikombe cha kahawa anaweza kukuambia daraja la AA ni nini, na kwamba PB ni ile punje moja ya mviringo iliyokaa peke yake ndani ya tunda. Anajua kwamba akichanganya cherry mbichi na mbivu atajishushia bei, kwa hiyo anachambua kabla hajaondoka kihambani, shamba lake la nyumbani. Hakuna aliyemfundisha uzalendo. Alifundishwa na malipo. Korosho ya kusini nayo hupangwa daraja kabla ya kuingia mnadani. Kwa nini kiazi, ambacho familia nyingi za Siha na Rombo zinakitegemea kwa ada na kwa mabati, kiuzwe kwa kukisia?

Nimewahi kujibiwa kwamba kahawa ni kavu, inakaa ghalani miezi, inauzwa nje, na kiazi ni cha kula, kinaoza, kinaishia soko la Mbuyuni. Ni kweli. Na hiyo ndiyo sababu kiazi kinahitaji kuchambuliwa kuliko kahawa. Punje mbovu ya kahawa haiozeshi jirani yake. Kiazi kinaozesha.

Jirani zetu wa Kenya wametangulia hatua moja. Kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Rombo wanaliona jambo hili kwa karibu kuliko sisi, kwa sababu Loitokitok ni ng'ambo tu ya Tarakea, na kiazi hakina pasipoti. Utekelezaji wao umekuwa na misukosuko. Madalali wamepinga, magunia makubwa yamerudi hapa na pale. Nadhani ni kwa sababu ile ile ninayoisema: ukipunguza gunia bila kubadilisha kinachofanyika kwenye rundo, unapata lumbesa ndogo. Hata hivyo kilo 50 nazitaka, kwa ajili ya migongo. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kisheria sisi tunaruhusu 100, na mtaani wanabeba 130 na zaidi. Wale vijana wanaoshusha magunia alfajiri hapa mjini wana umri wa wanangu. Wakifika miaka arobaini wanatembea wamejikunja, na hakuna mfuko wa hifadhi unaowajua. Gunia la kilo 50 linashushwa, haliangushwi, kwa hiyo mgongo unapona na kiazi kinapona.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye geti lolote, nayo ni ya msimu ujao. Nimesema madogo ya ukubwa wa yai huwekwa mbegu. Ukubwa huo unafaa, ila kiazi kidogo mara nyingi ni kidogo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Mkulima akiuza makubwa yote na kupanda mabaki, anaurithisha ugonjwa shamba lake mwaka hadi mwaka, na anashangaa kwa nini mavuno yanapungua hata akiongeza mbolea. Watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao Lima kule Peru, pamoja na wenzao wa Kenya, wamekuwa wakifundisha njia nyepesi sana: shamba likiwa bado kijani, kabla majani hayajaanza kuzeeka, pita ukachomeke kijiti kwenye kila shina lenye afya, siku ya kuvuna fukua hayo kwanza, na mbegu yako itoke hapo tu. Hakuna gharama zaidi ya vijiti. Maafisa ugani wa Siha na Rombo wakilibeba jambo hili msimu mmoja, wachambuaji watalimalizia. Mbegu zilizothibitishwa ni bora zaidi, nakubali, lakini nani kati yenu atamwambia mkulima wa robo eka asubiri mpaka zimfikie?

Na vile vibovu vya mnyauko, nasihi msiviache vitupwe popote. Nimeona ndoo nzima ikimwagwa kando ya mfereji. Mlima wetu umejaa mifereji ambayo wazee waliichimba na kuigawana maji kwa zamu, na bakteria huyu anasafiri kwa maji na kwa udongo. Ndoo moja iliyomwagwa juu inaweza kuingia kwenye shamba la mtu aliye mbali chini ambaye hajawahi kumkosea yeyote. Kila penye rundo pawe na shimo, na kijiji kiandike hivyo kwenye sheria ndogo zake. Hili haliwagharimu chochote zaidi ya vikao.

Niwakumbushe pia kuhusu wakulima wanaosahaulika, wale wanaopewa vipande ndani ya shamba la miti la West Kilimanjaro, wapande viazi na maharage katikati ya miche hadi miti ifunge kivuli. Wako mbali na kijiji, hawana ghala, na mnunuzi akifika na lori ndiye soko lote. Ninyi halmashauri kaeni na wenzenu wa misitu mkubaliane mahali ambapo mzani na turubai vinaweza kuwekwa, hata pembeni mwa barabara ya msitu, kwa wiki za mavuno tu.

Ninachoomba mmeshakiona. Kila kijiji kinachouza viazi kiwe na kituo cha kukusanyia chenye kivuli na mzani uliohakikiwa na Wakala, na uuzaji wa nje ya kituo usiruhusiwe wakati wa mavuno. Madaraja yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, yasizidi matatu, yabandikwe ukutani: kikubwa kisafi, cha kati kisafi, kidogo kisafi. Kikatwa, cha kijani na kibovu visiingie guniani kabisa. Bei ipatanwe kwa kilo, kwa kila daraja. Ushuru ukatwe kwa kilo hizo hizo, kwenye stakabadhi hiyo hiyo, ili geti libaki la kukagua karatasi. Chama cha msingi ndicho kisimamie, kwa sababu kipo kijijini na kina watu wanaojuana.

Na wachambuaji walipwe. Mshonaji analipwa kwa gunia na mbebaji analipwa kwa gunia. Mara nyingi mwanamke aliyekaa chini kutwa nzima, ambaye bila yeye hakuna kiazi kisafi, anapewa ndoo ya vikatwa aende nayo. Mkiweka mzani, ninyi wenyewe mtaweza kujua amechambua kilo ngapi, na malipo yake yataingia kwenye hesabu ya mzigo kama ya wengine wote. Wengi wa wanawake hao ndio wanaolisha nyumba zao. Sitaki washukuriwe kwenye hotuba za Machi 8. Nataka wawe na kiwango chao, kilichoandikwa, kinachojulikana kwa mnunuzi kabla hajapanda mlima.

Najua bajeti hazikai zikisubiri barua za wauza viazi. Kwa hiyo naomba kitu kidogo kwanza. Mavuno yajayo, Wakala ulete mzani mmoja na afisa mmoja Ngarenairobi kwa siku moja. Tutatafuta mkulima mwenye rundo la kutosha. Nusu iuzwe kwa desturi, kwa gunia na kwa macho, kwa mnunuzi yeyote atakayekuja. Nusu nyingine tutaichambua, wanawake wa Siha na sisi wa Moshi, tutaipima mbele yenu, na mimi pamoja na wauza chipsi ninaowauzia tutainunua kwa kilo, kwa daraja. Malipo ya wachambuaji ya siku hiyo yatatoka kwetu wanunuzi. Jioni mkulima ahesabu fedha za nusu zote mbili hadharani, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, afisa wa ushuru akiwepo, na yule wa Rombo akialikwa. Hesabu hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo Sanya Juu na Mkuu, na nakala ije sokoni Moshi.

Nasubiri mtaje tarehe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuza viazi na mchambuaji,
Soweto, Moshi